Kisa hana ukimwi wala sukari, mgongo wa kaka yangu ukaachwa uliwe na bakteria!

Wakuu, leo nina hasira, mnivumilie.

Kaka yangu ni dalali wa mbuzi hapa Dodoma, mnadani Msalato wanamjua. Aliposhikwa na kiuno tukaenda hospitali moja (silitaji jina, uzi usije ukafutwa). Wakapima ukimwi, hana. Sukari, hana. Basi! "Dada, kinga yake iko vizuri, hiyo ni misuli, apunguze kubeba mizigo." Diklofenaki ya kutuliza maumivu, kwaherini.

Tukarudi. Nikamwambia, "Dokta, misuli si hutulia mtu akilala? Huyu usiku ndiyo anaumia zaidi, na shuka analoamka nalo unalikamua jasho." Nikaambiwa niache udaktari wa mitandaoni. Eksirei ikaja safi, wakashangilia. Hapo ndipo damu inaponichemka. Wiki za mwanzo eksirei inaweza kuwa safi kabisa huku bakteria wanatafuna pingili na diski, ile mito iliyo kati yake. Daktari asijue hilo? Na ESR, kipimo cha damu cha kawaida tu cha kudokeza kama kuna uvimbe au maambukizi mwilini, hakuna aliyeagiza.

Hakuna hata aliyemgusa mgongo! Daktari wa hospitali nyingine ndiye wa kwanza kumvua shati. Akashuka na dole gumba pingili moja moja, alipofika kiunoni kaka akapiga ukelele. Ndipo akauliza, "Kazi yako nini? Maziwa unakunywa yamechemshwa?" Mtu anazalisha mbuzi kwa mikono mitupu, maziwa anakunywa mabichi zizini! Damu ikaonyesha brusela, ile bakteria inayofanya mifugo itupe mimba. MRI, picha ya kina ya ndani ya mwili, ikaonyesha pingili mbili zimeshambuliwa.

Brusela haisubiri kinga ishuke. Kwenye mgongo si wengi inaowafikia, nakubali, lakini mkoa wa wafugaji huu jamani, swali la maziwa linawashinda nini?

Sasa yuko kwenye antibiotiki mbili, doksisaiklini na rifampisini, dozi ya miezi isiyopungua mitatu. Kabla ya kuanza walihakikisha kwanza si TB ya mgongo, maana rifampisini ni dawa ya TB pia. Hao ndio madaktari. Mguu wa kushoto bado una ganzi, mnadani haendi, na watoto wake wanakula kwangu.

Ile hospitali ya kwanza inakataa kutupa nakala ya faili. Aliyewahi kulalamika Baraza la Madaktari au kwa mganga mkuu wa mkoa anielekeze: naanzia wapi, na hilo faili nalipataje?