Keki yangu ya matufaa inazama katikati, naomba ushauri

Habari zenu wapendwa. Niko Kabale, Uganda, huku kwenye baridi ya Kigezi, na mti wangu wa matufaa aina ya Anna mwaka huu umezaa hadi matawi yanainama. Jumamosi asubuhi nikachuma matufaa sita, yakiwa bado na umande, nikasema leo watoto watakula keki.

Oveni sina. Naoka kwenye sigiri: sufuria kubwa, mchanga chini, makaa juu ya mfuniko. Unga vikombe 2, mayai 3, sukari kikombe 1, siagi robo kilo, bekingi pauda vijiko vya chai 3. Ilipanda vizuri, mdalasini ukanukia hadi kwa jirani. Kufunua, juu imeungua, katikati imebonyea kama kisahani, na vipande vya matufaa vimezama chini vikaufanya unga kama uji. Mume wangu alisema tamu, lakini namjua.

Dada mmoja anasema huku tuko juu, karibu mita 2,000, nipunguze bekingi pauda. Mwingine anasema nikaange matufaa kwanza yakauke maji. Nianze na lipi? Na mnaotumia sigiri, makaa ya juu mnaweka kiasi gani? Nina nusu ndoo ya matufaa bado, na yameanza kusinyaa.