Akiba ipo, nifungue duka, nifuge kuku, ninunue pikipiki au charahani? Naomba ulinganisho kwa waliowahi kufanya

Zamu Ndefu (mwanzisha mada)
Wakuu habari zenu. Naombeni mawazo maana nimezunguka na hili jambo mwezi mzima, kila nikiamka nina jibu tofauti na la jana. Mimi ni mwajiriwa, natoka nyumbani alfajiri narudi giza limeshaingia, mapumziko ni siku moja kwa wiki. Nimejibana miaka 2 na saivi kuna hela imekaa tu, sio nyingi kihivyo ila kabiashara kamoja kadogo kanaanza vizuri. Naishi na mdogo wangu wa kike, amemaliza mafunzo ya ushonaji, kazi ya kudumu bado hajapata, anashonea watu kwa charahani ya kuazima.

Nimebakiwa na vinne: duka la rejareja, kuku, pikipiki nimpe mtu awe analeta hesabu kila siku, au charahani na ovaloki (ile mashine ya kukata na kufunga kingo za kitambaa zisichanuke) nimfungulie mdogo wangu. Kila ninayemuuliza anasifia ya kwake. Sitaki kuambiwa ipi ina faida, zote naambiwa zina faida, nataka mtu aliyeifanya kwa mikono yake aniambie hela ilikaa muda gani kabla haijarudi na yeye mwenyewe ilimtaka awepo kiasi gani.

Hesabu Kwanza
Mkuu kabla hujachagua chochote hiyo hela igawe kwanza. Matumizi ya nyumbani ya miezi 3 weka pembeni, hayo sio mtaji, usiyaguse hata ukiona dili limejileta lenyewe. Biashara nyingi ndogo nilizoziona zikifa hazikufa kwa kukosa wateja, mwenyewe alichomoa mtaji mtoto alipoumwa, akachomoa tena kodi ya nyumba ilipofika, baadae anasema biashara mbaya.

Halafu ukilinganisha usiangalie faida ya kipande kimoja peke yake, angalia na hela inazunguka mara ngapi. Chukua 100 weka kwenye bidhaa inayokuachia 10 kila mzigo ukiisha, na mzigo unaisha kila wiki, mwezi ukiisha una kama 40. Chukua 100 nyingine weka kwenye kitu kinachokuachia 40 lakini kinakaa miezi 3 ndo kiuzike, hapo kwa mwezi umepata 13 na kitu. Watu wanakimbilia hiyo ya pili sababu 40 inaonekana nono. Kila moja ya hizo nne zako ipitishe kwenye hiyo hesabu.

Mzee wa Kaunta
Nina duka mwaka wa 6 huu ngoja nikueleze ukweli wake kijana wangu. Duka hela yake inarudi haraka kweli, vitu vya kila siku vinatoka asubuhi na jioni unaagiza tena, ila faida ya kila kitu ni nyembamba na kodi ya fremu haijui kama leo umeuza au hujauza. Piga hesabu hivi, kama kwenye kila 100 ya mauzo wewe unabaki na 20, na kodi ni 100, basi lazima uuze 500 ndo ulipe kodi tu, hapo hujagusa umeme, hujamlipa anayekaa dukani, hujala. Na usichanganye, ukinunua kitu 80 ukauza 100 umeongeza asilimia 25 juu ya ulichonunulia lakini kwenye mauzo faida yako ni asilimia 20. Mimi mwaka wa kwanza nlikuwa natumia ile 25 kwenye hesabu zangu zote, kila mwezi hela inapungua nashindwa kuelewa inaenda wapi, namshuku kijana wa watu bure kumbe mwizi ni hesabu yangu. Lile jambo liliniuma, nilimwomba radhi.

Punguzo nalo uliogope. Kwa faida hiyo ya 20, ukimpunguzia mtu asilimia 10 nusu ya faida imeondoka, itabidi uuze mara 2 ya ulivyokuwa unauza ili ubaki pale pale.

Kingine ni mzigo uliolala. Nilipoanza nilinunua vitu ninavyovipenda mimi, sio vinavyoulizwa na wateja, robo nzima ya mtaji ikakaa rafu ya juu inakula vumbi. Siku hizi kila katoni naandika tarehe ya kununua kwa kalamu nene ubavuni, ikipita siku 45 bado ipo hicho kitu sikinunui tena mpaka mtu aniulize mara 3. Na madeni, hayo ukiwa haupo dukani mwenyewe ndo yatakumaliza, maana aliyeko pale hawezi kumkatalia jirani. Kwa mtu anayetoka alfajiri kurudi usiku kama wewe, duka mimi sikushauri.

Zamu Ndefu
Shikamoo mzee, hiyo ya tarehe kwenye katoni sikuwahi kuiwaza. Na kama mdogo wangu ndo akikaa dukani?

Mzee wa Kaunta
Marahaba. Akikaa yeye duka litaenda, lakini utakuwa umechukua fundi umemfanya muuzaji. Muulize yeye kwanza anataka nini.

Mfugaji wa Bondeni
Kwenye kuku kuna mambo mawili watu wanayachanganya. Kuku wa nyama ni wiki 5 mpaka 6 unauza, unasafisha banda unaliacha lipumzike kama wiki 2, unaingiza wengine, kwa hiyo mwaka mzima ukienda sawa ni kama awamu 6. Kuku wa mayai ni habari nyingine kabisa, wanaanza kutaga wiki ya 18 mpaka 20 huko, yaani zaidi ya miezi 4 unalisha tu na hakuna kinachoingia. Wakishaanza kila mmoja anakula gramu 110 mpaka 120 kwa siku, ukiwa nao 100 hapo ni kilo 11 au 12 kila siku ya Mungu, wawe wametaga hawajataga. Chakula ndo zaidi ya nusu ya gharama zote, kwa hiyo bei ya chakula ikipanda katikati ya safari na mtaji wako umekwisha huna pa kukimbilia, huwezi kuwaambia kuku wasubiri mshahara.

Usimamizi sasa. Wiki ya kwanza vifaranga wanataka joto la nyuzi 32 mpaka 35, halafu unashusha kidogo kidogo kila wiki. Kipimajoto ni kizuri lakini jifunze kuwasoma wenyewe, ukiingia ukakuta wamerundikana chini ya taa wanalia, baridi, wale wa chini watakufa kwa kukandamizwa. Ukikuta wamekimbilia pembeni midomo wazi mabawa wameyaachia, joto limezidi. Ukikuta wametawanyika, wengine wanakula wengine wamelala, hapo nenda kalale na wewe. Mimi awamu ya pili nilimwachia mtu usiku mmoja tu, taa ikazimika yeye kalala, asubuhi nikaokota 63 kati ya 200 kwenye kona moja wamebebana. Nilikaa pale chini na ndoo sijui nianzie wapi.

Chanjo usiruke, ugonjwa wa kideri ukiingia kwenye banda ambalo halijachanjwa unaweza kuondoka na karibu wote ndani ya siku chache na dawa ya kuutibu haipo. Kama nyumbani kuna mtu wa kuamka usiku, kuku wa nyama wachache wa kujifunzia sawa. Kama hakuna, acha.

Gurudumu Mbili
Pikipiki ndo inayovutia waajiriwa wengi sababu inaonekana haikuhitaji, kila jioni unaletewa hesabu. Mimi niliingia hivyo hivyo. Miezi 5 ya kwanza hesabu inakuja kamili, nina furaha, nasema kumbe rahisi. Nilichokuwa sioni ni kwamba kijana alikuwa habadilishi oili, na mimi sijawahi hata siku moja kufungua nikachungulia, mwezi wa 6 injini ikakamata. Fundi alipofungua ile oili iliyotoka ilikuwa nyeusi nzito kama lami na kidogo mno. Matengenezo yakala karibu hesabu yote ya miezi 2 na pikipiki ilikaa gereji wiki 3 haiingizi kitu.

Kosa langu nilikuwa nahesabu kila kinacholetwa kuwa ni faida. Chombo kinachakaa kila siku, sehemu ya ile hesabu ni pikipiki yenyewe inakurudia vipande vipande. Toa bima, toa matairi, mnyororo, breki, oili, halafu toa na fungu la kununulia nyingine hii ikichoka, kinachobaki ndo chako. Na usipige siku 30 kwa mwezi, piga 24 au 25, kuna mvua, kuna kuumwa, kuna gereji.

Dada Mwenye Mbili
Gurudumu pole sana kaka, ila usimkatishe tamaa mwenzio. Mimi ninazo 2 mwaka wa 3 na zinaniingizia. Tofauti ni mkataba, tuliandikiana kwamba akileta hesabu mpaka kiasi fulani kitimie pikipiki inakuwa yake. Tangu siku hiyo oili anabadilisha mwenyewe bila kukumbushwa na jioni anaifunika turubai, maana anatunza mali yake. Napata kidogo kuliko ningebaki nayo mimi lakini nalala usingizi.

Gurudumu Mbili
Nakubali dada, mkataba kama huo sikuwa nao. Ila mwambie pia ajali ikitokea kabla haijakamilika ni nani anabeba, hilo mliandika?

Dada Mwenye Mbili
Tuliandika ndio. Bima kubwa, sio ile ya lazima peke yake, maana ile ya lazima inamlipa uliyemgonga, pikipiki yako hailipi. Huku nilikotoka hilo ndo liliwaumiza wengi.

Uzi na Sindano
Nimesoma yote nikasubiri mtu aongelee charahani naona mmeiacha, ngoja niseme mie, nashona kwa kazi miaka 11. Zamu Ndefu, hizo tatu za mwanzo unatafuta mtu wa kumwamini, hii ya nne mtu unaye na kazi anaijua. Ndo tofauti kubwa. Mtaji wa mashine haulali rafuni, haufi usiku, na mteja anakuja na kitambaa chake analipa nusu kabla hujakata. Yaani mteja ndo anakupa mtaji wa kuendesha.

Ubaya wake nao upo. Faida inategemea mikono, mikono ikiumwa hela imesimama. Kazi inakuja kwa misimu, sikukuu na sherehe na kufungua shule unakesha, katikati hapo kunakuwa kimya mpaka unajiuliza umekosea wapi. Na fundi wengi wanavunjika kwenye ahadi, anapokea malipo ya nusu ya nguo 15 anajua kabisa kwa wiki anamaliza 8, zile hela anatumia, mteja anakuja siku ya shughuli yake nguo bado ina pini. Nimewahi kumfanyia hivyo mama mmoja, alisimama mlangoni akaiangalia ile nguo hakunigombeza, akaondoka, mpaka leo hajarudi na nikikumbuka naumia. Toka hapo nina daftari lenye mistari 8 kwa wiki, mstari ukijaa namwambia mteja wiki ijayo.

Muulize mdogo wako ana wateja wangapi wanaorudi sasa hivi kwa hiyo ya kuazima. Sio waliowahi kuja, wanaorudi. Kama wapo hata 10 mashine ina kazi kuanzia siku ya kwanza.

Hesabu Kwanza
Naunga mkono ila mkuu usimfungulie bila kuandikiana. Ndugu wakikosana kwenye biashara ndogo ni kwa sababu mmoja anaona ametoa msaada mwingine anaona ameajiriwa. Amueni mapema, ni mkopo atakulipa kidogo kidogo, au mnagawana, na kwenye kugawana kazi yake ilipwe kwanza ndo kinachobaki kigawanywe. Kazi ya fundi isihesabiwe bure eti kwa sababu ni mdogo wako.

Zamu Ndefu
Wakuu nimerudi baada ya wiki 2. Nilikaa na mdogo wangu tukahesabu, wanaorudi ni 14, na kazi 9 alizikataa mwezi uliopita kwa sababu mwenye charahani alikuwa anaitumia. Nilishangaa, kumbe alikuwa anakataa kazi mimi nipo chumba cha pili nawaza kuku. Nilipomuuliza kuhusu duka akasema atakaa nikitaka, lakini alivyosema tu niliona uso wake, nikaacha.

Tumekubaliana ni mkopo, hauna riba, anaanza kurudisha mwezi wa 3, kama mwezi una kazi chache anarudisha nusu. Tumeandika karatasi 2, kila mtu na yake. Fremu hatupangi kwanza, atashonea sebuleni mpaka daftari lijae wiki 6 mfululizo. Hela iliyobaki haigusi mtu, pikipiki ya mkataba kama ya Dada Mwenye Mbili tutaiongelea mwakani.

Swali langu la mwisho ni kwa Uzi na Sindano. Charahani tunachukua mpya, ovaloki tumepata iliyotumika kwa karibu nusu ya bei. Nichukue?

Uzi na Sindano
Ichukue kama itapita mtihani, na aende mdogo wako sio wewe, yeye ataisikia. Abebe vipande vyake kutoka nyumbani, kimoja kizito cha jinzi, kimoja laini kinachoteleza, kimoja cha fulana kinachovutika. Asikubali kushonea kipande cha muuzaji, hicho mashine imeshazoeshwa. Ashone vyote vitatu kwa spidi ndogo halafu kubwa, kile cha fulana akivute kwa mikono miwili aone kama mshono unakatika. Afungue ubavuni aangalie visu kama vimeliwa, visu vinabadilishwa hivyo sio sababu ya kuikataa ila ni sababu ya kushusha bei. Azungushe gurudumu kwa mkono mashine ikiwa imezimwa, ikikwama mahali fulani kila mzunguko aiache hapo hapo hata wakimpunguzia vipi.

Na aende na sindano zake mpya, namba 14 ya kawaida na 16 ya jinzi, kwanza aulize mashine inapokea aina gani maana ovaloki nyingine hazitumii sindano ya charahani.

Zamu Ndefu
Nimemsomea yote, kaandika kwenye karatasi. Ameshaanza kutafuta kipande cha jinzi.