Kuishi na familia mwenyeji Ujerumani: nijiandae vipi?

Swali:
Wakubwa, shikamooni. Mwezi wa tisa naenda Leipzig kujitolea mwaka mzima kwenye chekechea, kupitia weltwärts, mpango wa Ujerumani wa vijana wanaojitolea. Nitaishi na baba, mama na watoto wawili. Sijawahi kuishi nje ya Moshi. Nibebe zawadi gani? Na kazi za nyumbani zinakuwaje?

Jibu la 1:
Marahaba mdogo wangu. Mimi nilikaa Hannover mwaka 2017. Kilichonitesa mwanzoni si baridi, ni chakula cha jioni: mkate, jibini na matango, basi. Wiki nzima nililala na njaa kwa kuona haya, hadi mama mwenyeji alipogundua. Kule ukiulizwa kama unaongeza ukasema hapana, wanakuamini. Hakuna kubembelezwa mara ya pili kama kwetu. Kama hujashiba, sema. Tena omba siku moja upike wewe. Nilipika pilau, watoto wakakomba sufuria.

Zawadi, kanga na kahawa vinatosha. Nyama na maziwa usibebe, forodha ya Ulaya hairuhusu. Kazi za nyumbani waulize siku ileile ya kwanza.

Jibu la 2:
Jumapili maduka mengi hufungwa na majirani hawapendi kelele, kwa hiyo nunua mahitaji Jumamosi. Chupa za plastiki za soda usitupe, dukani unarudishiwa hadi senti 25 za euro kwa kila moja.

Muuliza swali:
Asanteni sana. Iliki na mdalasini je?

Jibu la 1:
Mimi nilibeba vya kusaga, nikavifunga vizuri. Vilinifaa mno mwezi wa kumi na mbili.