Forester SG5 otomatiki inajibana kwenye kona, tairi zinalia

Spana14
Wakuu, habari za kazi. Forester SG5 ya 2004, lita 2.0 isiyo na turbo, giaboksi otomatiki. Ikiwa ya baridi haina neno. Ikishatembea dakika 20, ukipiga usukani hadi mwisho ili upaki, inajibana kama kuna mtu kakanyaga breki. Ukiachia mafuta inasimama yenyewe. Kwenye sakafu ya saruji tairi zinalia na kuacha michirizi myeusi. Tairi za mbele ni mpya (kashata, yaani meno ya tairi, milimita 8), za nyuma zimebakiza 4. Fundi anataka kubadilisha siivii joint (viungio vya ekseli za tairi za mbele) zote mbili. Ndiyo dawa?

Fundi Difu
Mkuu, shika hela yako kwanza. Joint iliyochoka hugonga ka-ka-ka kwenye kona, haiizuii gari kwenda. Hapo ni klachi ya nyuma ya giaboksi, ile inayopeleka nguvu kwenye propela shafti (mhimili wa kwenda tairi za nyuma), haiachii. Kwenye kona tairi za mbele hupita njia ndefu kuliko za nyuma. Klachi isipoteleza kidogo, tairi ndizo zitateleza.

Fungua boneti utafute kisoketi cha fyuzi kilichoandikwa FWD (gari kuvutwa na tairi za mbele tu), huwa kitupu. Zima injini, chomeka fyuzi ya ampea 15, washa. Taa ya FWD iwake kwenye dashibodi. Ipashe moto dakika zako 20, kisha zungusha duara dogo kwenye lami. Usipimie kwenye changarawe, huko tairi huteleza kimya kimya ukadhani imepona.

Mbano ukiisha, klachi na solenoidi yake (vali ya umeme inayoibana na kuiachia) zinafanya kazi. Geukia tairi na oili. Usipoisha, ama solenoidi au waya wake umekufa, ama sahani za klachi zimechimba mifereji kwenye kikombe chake na zimenasa. Solenoidi hiyo ikikosa umeme hubana kabisa, haiachii, kwa hiyo waya mmoja uliokatika unatosha kukuletea balaa lote. Kama taa ya AT OIL TEMP (joto la oili ya giaboksi) inamulika-mulika ukishawasha injini, soma kodi za hitilafu kwenye kompyuta ya gari kabla ya kufungua chochote.

Mzee wa Upepo
Tairi zenyewe zimeshasema. Tofauti ya milimita 4 za kashata ni kama milimita 25 za mzingo. Kwa 215/60R16, inayozunguka takribani mara 480 kwa kilomita, mbele na nyuma zinapishana mita 12 kila kilomita, hata barabara ikiwa imenyooka! Klachi haipumziki, inachemka, na kompyuta inaweza kudhani gari linateleza ikazidi kubana. Kinachovumilika ni kama milimita 6 za mzingo, yaani kashata isipishane zaidi ya milimita 1. Sawazisha upepo tairi zikiwa za baridi, kisha zungushia futi ya kitambaa katikati ya kila tairi. Nunua mbili nyingine aina ileile, namba ileile.

Fundi Difu
Nakubaliana na Mzee, tairi kwanza. Halafu oili ya giaboksi: ukifungua nati ya chini hutoka kama lita 4 tu, nyingine inabaki ndani. Kwa hiyo mwaga na ujaze mara tatu, ukiendesha katikati. Andaa lita 12 za Dexron III. Na hapa ndipo mafundi wengi huchemsha: difu ya mbele ina oili yake, kama lita 1.2 za 75W-90 GL-5, na kijiti chake cha kupimia. Wakifungua nati isiyo yake, difu inabaki kavu na giaboksi inafurika. Kabla ya kujaza, vuta vijiti vyote viwili uone kipi kimeshuka.

Spana14
Asanteni. Fyuzi ikiondoa mbano, naweza kuiacha hapo moja kwa moja?

Fundi Difu
Mpaka upate tairi, sawa. Ila nyuma haitakusukuma tena, kwa hiyo kwenye tope usijiamini. Na kama ni ya gia za mkono, hakuna fyuzi hiyo: kule kinachonasa kikipata moto ni viskasi (kiungo chenye kimiminika kizito) ya difu ya kati, na hubadilishwa nzima.