Naomba ushauri kuhusu kuongoza wageni ndani ya Fort Jesus

Ndugu zangu, naomba ushauri wa wale waliowahi kuongoza wageni katika magofu au ngome za kale. Nimeombwa niwatembeze wananchi wa kawaida, wakiwemo wanafunzi na wazee, ndani ya Fort Jesus, Mombasa, kwa muda wa saa moja tu.

Tatizo langu ni kwamba njia tunayopita haifuati mtiririko wa historia. Ngome ilijengwa na Wareno kati ya mwaka 1593 na 1596, ikaangukia mikononi mwa Waomani mwaka 1698 baada ya kuzingirwa kwa karibu miaka 3, kisha Waingereza wakaigeuza gereza kuanzia mwaka 1895 hadi 1958. Lakini mgeni hukutana na michoro ya ukutani ya Wareno, nyumba ya Waomani na masalio ya merikebu ya Santo António de Tanna, iliyozama mwaka 1697, bila kufuata utaratibu huo. Je, nieleze miaka yote pale langoni, au nisubiri kila ukuta uniitie habari yake?

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni kipindi cha gereza. Wageni wengi huvutiwa na mizinga (nami siwalaumu, maana inapendeza kupiga picha kando yake), ilhali huenda miongoni mwa wazee wamo wenye jamaa waliofungwa humo. Nizungumzieje kifungo hicho bila kukifanya kiburudisho cha watalii, na bila kukipita haraka kwa woga?