Tupeane uzoefu: watu wazima tunaosoma na kukusanya hadithi za watoto

Mwanzisha mada, Umoja

Hamjambo wapenzi wa vitabu. Mada hii ni ya watu wazima wanaosoma hadithi za watoto kwa raha zao, wawe na mtoto nyumbani au wasiwe naye. Mimi sina mtoto bado, na karibu kila kitabu nilicho nacho ni cha watoto: hadithi za sungura na fisi, za shule za bweni, za vijana wanaofuata nyayo za wezi wa ng'ombe usiku, na vile vyembamba vya picha ambavyo unavimaliza kabla chai haijapoa. Rafu ilijaa kitambo. Vingine viko kwenye masanduku chini ya kitanda, na bado nanunua.

Ninachokipenda ni hiki. Mtoto hamwonei mwandishi haya. Hadithi ikimchosha anafunga kitabu anaenda kucheza, basi. Anayemwandikia mtoto hana nafasi ya kupiga domo. Mhusika unamjua kwa anachofanya, kisa kinaanza ukurasa wa kwanza, na maneno yamechujwa hadi yakabaki yale yanayofanya kazi. Kuna riwaya kubwa nimesoma ambazo hazina nusu ya ustadi huo.

Chukua vitabu vya Moses vya Barbara Kimenye, vilivyoanza kutoka miaka ya 1960 chini ya Oxford University Press. Kimenye alizaliwa Halifax, Uingereza, akaishi Uganda, akafanya kazi ya uandishi wa habari hapa Nairobi, akafariki 2012. Wengi wenu mnaikumbuka shule ya Mukibi, na Moses na rafiki yake King Kong. Kinachonishika kila nikivirudia ni kwamba Moses hatangazwi kuwa mtoto mbaya wala mzuri. Anafikiria jambo, kichwani mwake ni jambo la maana kabisa, nawe unamfuata hadi linapomgeukia. Mwandishi anakuachia uamue mwenyewe.

Pia nakusanya kwa sababu vitabu hivi vinapotea. East African Publishing House ilianzishwa 1965, ikachapisha hadithi nyingi za watoto za waandishi wa huku, na leo haipo. Kitabu cha kampuni iliyokufa kikichanika, hakuna duka la kukimbilia. Ndiyo maana nikiinama kwenye vitabu vya mitumba vinavyotandazwa chini pale barabara ya Tom Mboya, nafungua kwanza ukurasa wa mchapishaji: mwaka, toleo, na kama kina ISBN, ile namba ya kukitambulisha kitabu, naangalia zile tarakimu 9966 za Kenya. Nikizikuta kwenye kitabu cha watoto cha zamani, hicho hakirudi kwenye turubai.

Haya, leteni yenu. Ulianzaje, unavipata wapi, unavitunza vipi, na kuna kipi kimoja usichoweza kumpa mtu?

Nesi, Kayole

Asante kwa mada, nilidhani niko peke yangu. Mimi hufanya shifti ya usiku. Asubuhi nikipanda matatu, kichwa hakiwezi kubeba riwaya, ila kitabu cha watoto kinaingia vizuri, na jam ya Jogoo Road ikiwa ya kawaida nakimaliza kabla sijashuka.

Lakini kilichonifanya nianze kukusanya ni mamangu. Yuko Machakos, hakupata kwenda shule. Jumapili nikiwa sina kazi nampigia simu namsomea hadithi moja ya Kiswahili. Siku ya kwanza nilimsomea ya fisi na sungura, nilipofika mwisho akanyamaza, kisha akasema, "Hapana. Huyo fisi hakuponea." Akaanza kunihadithia yake, ile aliyopewa na nyanya yake, yenye wimbo katikati ambao kitabuni haumo kabisa. Tangu hapo, nikimaliza kumsomea namuuliza kama kwao ilikwenda hivyo. Anachosema nakiandika kwenye karatasi, naikunja naitia ndani ya kitabu chenyewe, mwisho. Nikiazima mtu kitabu, karatasi natoa kwanza. Hizo ndizo siwezi kumpa mtu.

Mwalimu, Makadara

Mimi naomba kuwatetea wasio na nafasi ya rafu. Kusoma si lazima kumiliki. Maktaba ya McMillan pale Banda Street, ile yenye simba wa mawe mlangoni, ilifunguliwa 1931, na kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kuingia. Ina matawi mawili Eastlands, Kaloleni na Makadara, ambayo shirika la Book Bunk limeyafanyia ukarabati. Mimi ni mtu wa matawi haya. Ukifika mchana shule zikiwa zimefungwa utakuta watoto wamejaa, na ukitaka kujua hadithi gani ni nzuri kweli, usisome tathmini ya mtu yeyote. Angalia kitabu kipi kina pembe zilizochakaa na kipi kiko kipya tangu kiletwe.

Mara moja nilikuwa nimekaa na kitabu cha picha cha mamba na mvuvi, msichana wa kama miaka saba akaja akasimama nyuma yangu. Nikageuza ukurasa, akasema, "Mwalimu, bado." Hakuwa amemaliza kuangalia picha. Alikuwa ameona kitu nilichopita bila kukiona: mvuvi amevaa kiatu kimoja, na kile cha pili kiko mdomoni mwa mamba, kimechorwa kidogo sana kwenye pembe. Maandishi hayasemi lolote kuhusu kiatu. Hadithi nzima ya pili ilikuwa imo kwenye michoro, na sisi wakubwa tunakimbilia maneno. Tangu siku hiyo vitabu vya picha navisoma mara mbili, mara ya kwanza bila kusoma neno hata moja. Jaribuni.

Mwanzisha mada, Umoja

Mwalimu, hilo la kiatu limeniamsha. Leo naanza na masanduku upya.

Mkusanya katuni, South B

Upande wangu ni hadithi za picha za Kiswahili. Miaka ya 1990 Nairobi ilikuwa na Sasa Sema, kampuni ya uchapishaji iliyotoa vitabu vya katuni vya Kiswahili, na Gado, huyu huyu mchoraji wa magazetini, alichora *Abunuwasi* ikatoka 1996. Ukiipata, shika. Wazee wetu walizisoma hekaya hizo kwenye vitabu visivyo na picha, lakini pale unaona sura ya tajiri inavyobadilika hatua kwa hatua anapogundua kwamba amechezwa. Nyuso zile zinatosha hata ukifunika maneno kwa kidole.

Wanaotunza vitabu vyembamba wanisikilize hapa. Adui mkubwa ni ile pini ya katikati. Nairobi mwezi wa saba kuna baridi na unyevu, pini inashika kutu, kutu inakula karatasi, na siku moja karatasi ya kati inatoka yenyewe. Mimi huweka kitabu wazi juu ya meza, upande wa katikati juu, nainua miguu ya pini kwa kisu butu polepole, nageuza, naichomoa kwa nyuma. Halafu natumia matundu yale yale: sindano, uzi wa pamba, naingia katikati, natokea nyuma, narudi, nafunga fundo kwa ndani. Usitumie uzi wa nailoni, unakata karatasi. Na selotepu iache kabisa, inageuka manjano na gundi yake inalowesha picha. Kabati liwe mbali na ukuta wa bafu, na milango ifunguliwe jua likitoka.

Muuza vitabu, Tom Mboya

Mnatuita inama, na ni kweli mnainama, karibuni. Niwaambie vinakotoka. Kuna watu wanahama nyumba, kuna shule ndogo zinafungwa, kuna watoto wakubwa wanatoa vitu vya mzazi aliyefariki, na kuna mzigo wa mitumba kutoka ng'ambo, ndiyo maana unakuta kitabu kina muhuri wa maktaba ya mji fulani Uingereza au Marekani. Ile mizigo ya nje ndiyo imejaa Enid Blyton, yule mwandishi Mwingereza wa hadithi za watoto. Mfululizo wake wa Famous Five peke yake ni vitabu 21, wa Secret Seven 15, kwa hivyo kila wakati kuna mteja anatafuta namba fulani aliyokosa.

Siri ya bei: msije Januari mkitafuta hadithi. Januari mzazi ana orodha ya shule mkononi, hata sisi tunatandaza vya masomo peke yake, hadithi zinabaki kwenye magunia. Njooni likizo ikikaribia kuisha. Hapo hadithi ziko juu na mimi sitaki kuzibeba tena, tunaongea vizuri. Na msione haya kuniachia jina la kitabu. Nina wateja wa miaka mingi, wengine watu wa ofisi kubwa, wananinong'oneza kana kwamba wananunua kitu kibaya. Mimi nauza hadithi na napenda hadithi, nasoma nikingoja wateja, na mvua ikinyesha nafunika za watoto kwanza.

Mchangiaji, Githurai 45

Nakubaliana na mengi, ila nina neno. Hadithi iliyofungiwa chini ya kitanda ya mtu mzima ni hadithi iliyokosa mtoto. Ndugu mwanzisha mada, hapo Umoja kwenye ploti yako kuna watoto wangapi? Wanajua una nini humo ndani?

Mwanzisha mada, Umoja

Wanajua, dada, na umeuliza vizuri. Nina daftari la mistari, mtoto anaandika jina, kitabu na mlango wa kwao. Jumamosi jioni wanarudisha. Vingine havirudi, na havijanizuia kuazima. Ila nina rafu moja ya juu ambayo haishuki: vya waandishi wa hapa visivyochapishwa tena. Vile nikivipoteza sijui kama kuna mtoto mwingine yeyote Nairobi atakayeviona. Hivyo wanavisomea kwangu, mlango wazi, tukiwa wote. Nadhani hiyo ni haki kwa pande zote.

Mhariri, Ngara

Nimefanya kazi upande wa uchapishaji, nataka kugusa jambo ambalo linaniuma. Chukueni hadithi yoyote ya Kiswahili ya watoto iliyochapishwa hapa, fungueni kurasa za mwisho. Maswali ya ufahamu. Msamiati. "Taja sifa tatu za mhusika mkuu." Sababu ni soko. Kitabu kikiidhinishwa na KICD, taasisi ya serikali ya mitaala, na kuingia kwenye orodha ya vitabu vya shule, kina wanunuzi. Kisipoidhinishwa, mwandishi atakibeba mwenyewe kutoka duka hadi duka. Ongeza na kodi, maana sheria ya VAT ya 2013 iliweka asilimia 16 kwenye vitabu. Mzazi mwenye pesa ya kitabu kimoja atanunua kile mwalimu aliandika kwenye orodha.

Matokeo yake hadithi nyingi zinaandikwa zikitazama mtihani. Unajua kabisa kwamba kijana mvivu ataadhibiwa ukurasa wa arubaini. Ndiyo maana ninawathamini sana waliopita kwenye mlango huo huo na bado wakaandika watu halisi. Ken Walibora na *Ndoto ya Amerika*, kijana anayetamani kwenda Amerika hadi tamaa yenyewe inakuwa kama ugonjwa, na mwandishi hamcheki hata mara moja. Walibora alipofariki Aprili 2020, baada ya kugongwa na basi Landhies Road, nilirudia kitabu hicho chote usiku mmoja. Mimi ni mtu mzima mwenye mvi na kilinishika kuliko nilipokuwa na miaka ishirini. Tuzo ya fasihi ya Jomo Kenyatta ina kitengo cha watoto, Kiswahili na Kiingereza. Ombi langu kwenu wasomaji ni kwamba orodha yake ikitoka, nunueni hivyo, hata kimoja, bila kungoja shule iviitishe. Mchapishaji akiona watu wananunua hadithi kwa kuwa ni hadithi, atathubutu kuchapisha nyingine isiyo na maswali.

Nesi, Kayole

Mhariri, mamangu nikimsomea yale maswali ya mwisho huyajibu yote kwa sauti, na huwa anabishana nayo. Labda yana mteja mmoja.

Mkusanya katuni, South B

Kwa wanaotafuta vipya, maonyesho ya vitabu ya Sarit Centre, kwa kawaida Septemba. Nenda siku ya mwisho mchana, wachapishaji hawataki kurudi na maboksi. Uliza waliokaa kwenye meza kama wana nakala za zamani stoo. Mara nyingi wanazo na hakuna aliyewahi kuwauliza.

Mwanzisha mada, Umoja

Asanteni sana, endeleeni kuleta. Muuza vitabu wa Tom Mboya, nina ombi. Natafuta hadithi za watoto za Asenath Bole Odaga, zozote, hasa zile alizochapisha mwenyewe Kisumu kupitia Lake Publishers. Hata jalada likiwa limetoka. Na zile hadithi za watoto za Njamba Nene za Ngũgĩ wa Thiong'o kwa Kikuyu, kile cha kwanza cha 1982 kikipatikana. Uniwekee kwenye gunia lako, usitandaze, nitapita Jumamosi baada ya watoto kurudisha vitabu.

Muuza vitabu, Tom Mboya

Cha Kikuyu kimoja kiko, sijaangalia mwaka. Jalada zima, kuna mtoto ameandika jina lake kwa penseli kila ukurasa. Njoo kabla ya saa kumi na mbili, giza likiingia nafunga.