Ushauri: Msimamo wa ligi ya raga ya Sydney 1908, hesabu hazifungi

Mchapakazi_TZ

Habari zenu wanajamvi.

Naandaa makala ya Kiswahili kwa ajili ya Wikipedia kuhusu msimu wa kwanza wa ligi ya raga ya wachezaji 13 mjini Sydney, Australia, mwaka 1908. Huku kwetu watu wanaijua raga ya 15 kupitia Kenya Cup, na ile ya 7. Hii ya 13 karibu haina kitu kwa Kiswahili, na nataka makala iwe na msimamo kamili, matokeo ya mechi na fainali.

Nilichokwisha kupanga: timu 9, yaani South Sydney, Eastern Suburbs, North Sydney, Western Suburbs, Balmain, Glebe, Newtown, Newcastle na Cumberland. Mechi za ufunguzi Jumatatu ya Pasaka, 20 Aprili 1908. Fainali 29 Agosti 1908, South Sydney 14, Eastern Suburbs 12.

Ninapokwama:

Kuna Jumamosi ambazo Glebe au Balmain wanaonekana wamecheza mechi mbili siku moja, viwanja viwili tofauti, alama tofauti. Pili, mechi moja inaandikwa alama hivi hapa na vile kule, sijui nishike ipi. Tatu, timu ni 9, kwa hiyo kila raundi moja inapumzika, na sijui mapumziko hayo yanaingiaje kwenye pointi. Natumia magazeti ya zamani yaliyowekwa mtandaoni na Maktaba ya Taifa ya Australia, kwenye Trove.

Mwenye uzoefu wa kazi hizi anisaidie. Nawasilisha.

---

BwanaNyaraka

Mkuu, hilo la kwanza ndilo linaloharibu kazi nyingi za msimu huu, kwa hiyo limalize kabla ya kugusa mengine.

Glebe hawakucheza mara mbili. Mwaka 1908 Sydney ilikuwa na mashindano mawili yakienda sambamba. Raga ya 15 ilikuwa na ligi ya klabu za wilaya tangu 1900, na klabu zake zilibeba majina ya mitaa ile ile: Glebe, Newtown, Balmain, South Sydney, Eastern Suburbs, Western Suburbs, North Sydney. Ligi mpya ilipoanza ilichukua wilaya zile zile na majina yale yale. Gazeti la Jumatatu linaweka matokeo ya pande zote mbili kwenye ukurasa mmoja, pengine safu zimepakana.

Namna ya kuzitenga:

Soma kichwa cha sehemu nzima, kile kilicho juu kabisa, usiishie kwenye kichwa cha mechi. Trove inakata ukurasa vipande vipande, na kipande chenye "Glebe v. Newtown" mara nyingi kimeshatengana na kichwa kinachosema ni mchezo upi. Bonyeza uone ukurasa mzima.

Ukikuta University kwenye orodha ya matokeo, hiyo ni raga ya 15. University hawakuingia kwenye ligi ya 13 mpaka 1920. Ukikuta Newcastle au Cumberland wanacheza na timu ya wilaya ya Sydney katika ratiba ya ligi, uko upande wa 13.

Kama kikosi kimeandikwa, hesabu majina. Hakuna ushahidi ulio wazi zaidi ya huo.

Na tazama daraja. Magazeti yanatoa pia matokeo ya vikosi vya chini vya klabu hizo hizo. Unataka daraja la kwanza peke yake.

---

mama_takwimu

Naongezea kwenye suala la alama, kwa sababu hapo hesabu yenyewe inakusaidia kukamata makosa.

Sheria za alama 1908 upande wa 13: trai (kuugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa goli wa wapinzani) alama 3, na kila mkwaju unaopita kati ya milingoti ya goli alama 2. Uwe mkwaju wa baada ya trai, uwe wa penalti, uwe ule wa kudundisha mpira chini na kuupiga ukiwa kwenye mwendo, wote ni 2. Usiingize sheria za leo. Trai ilipanda kuwa 4 mwaka 1983, na mkwaju wa kudundisha ulishushwa kuwa alama 1 Australia mwaka 1971.

Kwa kuwa mikwaju yote ni 2, huhitaji safu tatu za mikwaju. Moja inatosha. Kwenye jedwali la kompyuta kama Excel, panga kila mechi mstari mmoja: A tarehe, B raundi, C uwanja, D timu ya kwanza, E trai, F mikwaju, G alama, H timu ya pili, I trai, J mikwaju, K alama, L chanzo. Safu ya M weka =3*E2+2*F2-G2 na safu ya N weka =3*I2+2*J2-K2. Zote mbili zitoe 0. Isipotoka 0, ama umenakili vibaya, ama gazeti limekosea, ama mechi hiyo si ya ligi hii.

Jambo la pili ambalo watu hawalitumii vya kutosha: alama witiri (zisizogawanyika kwa 2) lazima zitokane na idadi witiri ya trai, kwa sababu mikwaju daima inaongeza 2. Chukua mechi ya ufunguzi, South Sydney 11, North Sydney 7, uwanja wa Birchgrove. Alama 7 haziwezi kupatikana kwa njia nyingine zaidi ya trai 1 na mikwaju 2. Alama 11 ni trai 3 na mkwaju 1, au trai 1 na mikwaju 4. Gazeti likisema North Sydney walipata trai 2 na wakaishia 7, kuna namba imeharibika. Fainali nayo: 14 inaweza kuwa trai 4 na mkwaju 1, trai 2 na mikwaju 4, au mikwaju 7 mitupu. Maelezo ya mechi ndiyo yatakayokwambia ni ipi.

Sasa mtego. Waandishi wengi wa 1908 walitoka kwenye raga ya 15, na huko "goli" lilikuwa na maana ya trai pamoja na mkwaju wake, jumla alama 5. Ukisoma "magoli 2 na trai 1" kwa mtindo huo unapata 13, lakini kwa mtindo wa ligi mpya ni mikwaju 2 na trai 1, yaani 7. Jaribu njia zote mbili kisha angalia ipi inalingana na matokeo ya mwisho. Mkwaju wa kudundisha kwenye raga ya 15 ulikuwa alama 4 wakati huo, kwa hiyo ukiuona umehesabiwa 4, rudi kwa BwanaNyaraka hapo juu: uko kwenye mchezo mwingine.

---

Flanka6

Kuhusu matokeo kutofautiana, usiamini maandishi yaliyosomwa na kompyuta pale Trove. Yanachanganya 3 na 8, 5 na 6, 1 na 7. Fungua picha ya gazeti, ikuze, soma kwa macho. Ukiona maandishi yana kosa unaweza kuyasahihisha hapo hapo, na atakayekuja nyuma yako atafaidika.

Mechi ya Jumamosi utaikuta kwenye Sydney Morning Herald la Jumatatu, na Sunday Times la Jumapili linaweza kuwa nayo kabla, ila limeandikwa kwa haraka. The Referee lilikuwa gazeti la michezo la kila wiki, linatoka Jumatano, na huko ndiko kwenye maelezo marefu na masahihisho. Mechi za 20 Aprili zilichezwa Jumatatu, kwa hiyo zitafute Herald la Jumanne tarehe 21. Fainali ilikuwa Jumamosi, nenda Jumatatu 31 Agosti.

Magazeti mawili yakipingana, la tatu liamue. Lakini kwanza hakikisha halijanakili kutoka kwenye moja ya hayo mawili. Sentensi zikifanana neno kwa neno, hao ni shahidi mmoja.

---

Mchapakazi_TZ

Asanteni sana. mama_takwimu, fomula nimeziweka, tayari zimenionyesha mechi mbili ambazo ni za raga ya 15 kabisa.

Bado mapumziko. Na Cumberland pia, mbona hawamo kwenye raundi ya kwanza?

---

mama_takwimu

Cumberland walichelewa kuingia. Raundi ya kwanza ilikuwa na timu 8 na mechi 4: Eastern Suburbs 32 Newtown 16, na Glebe 8 Newcastle 5, zote Wentworth Park, halafu South Sydney 11 North Sydney 7, na Balmain 24 Western Suburbs 0, zote Birchgrove. Jina la Cumberland linaanza kuonekana kuanzia raundi ya pili, na msimu huo wa 1908 ndio wa pekee waliocheza. Kwenye raundi ya kwanza waandike "hawajajiunga". Usiwaandike kuwa walipumzika.

Kuhusu pointi: ushindi 2, sare 1. Mapumziko yakihesabiwa pointi au yasipohesabiwa utajua kwa jumla. Kila mechi inazalisha pointi 2, iwe kuna mshindi au sare. Mechi 36, ambazo ndizo mzunguko mmoja kamili wa timu 9, zingezalisha pointi 72. Basi chukua msimamo wowote unaouona, jumlisha safu ya pointi ya timu zote. Ikiwa sawa na mara mbili ya idadi ya mechi zilizochezwa, mapumziko hayakulipwa. Ikizidi, ziada hiyo gawa kwa 2, upate idadi ya mapumziko yaliyolipwa. Kwa mzunguko kamili wenye mapumziko 9 yaliyolipwa jumla ingekuwa 90.

Lakini usijaze 36 kwa kudhani. Hesabu mistari yako mwenyewe. Viporo visivyochezwa vinaharibu kila kitu ukilazimisha namba iwe nzuri.

Vipimo vingine vya kufanya kabla ya kuchapisha: jumla ya alama za kufunga ilingane na jumla ya alama za kufungwa, jumla ya ushindi ilingane na jumla ya vipigo, safu ya michezo iwe mara mbili ya mechi. Alama za timu zipate kwa =SUMIFS(G:G,D:D,"Glebe")+SUMIFS(K:K,H:H,"Glebe"). Jina likiandikwa kwa namna mbili, "Easts" na "Eastern Suburbs", fomula itaacha nusu ya mechi bila kukuonya. Chagua jina moja kwa kila timu na ulishike.

---

KaraniMkuu

Majina yawe ya 1908. Usiandike Roosters, jina lao la leo, mahali pa Eastern Suburbs wala Wests Tigers mahali pa Balmain. Tigers ni muungano wa Balmain na Western Suburbs uliofanyika 1999. Glebe walitoka kwenye ligi baada ya 1929, Newtown baada ya 1983. Hayo yaweke kwenye aya ya mwisho.

Pia toa nje mechi za timu ya taifa. 9 Mei 1908 Australia ilicheza na New Zealand hapo hapo Sydney, ikafungwa 11 kwa 10. Zinachanganyika na za klabu kwenye safu zile zile.

---

Flanka6

Kwenye maelezo ya fainali andika wazi kwamba msafara wa kwanza wa Kangaroos, timu ya taifa ya Australia ya raga ya 13, kwenda Uingereza ulikuwa umeshaondoka Sydney. Dally Messenger, mchezaji maarufu kuliko wote wa msimu ule na mtu wa Eastern Suburbs, hakuwepo. Bila hilo msomaji hataelewa kwa nini fainali inaonekana ndogo kuliko mechi za katikati ya msimu. Kwa maoni yangu ubingwa ule wa South Sydney unapaswa kuwekewa alama ya pembeni, yaani nyota ya tahadhari.

---

BwanaNyaraka

Flanka6, alama ya pembeni hapana. South Sydney nao walitoa wachezaji kwenye msafara ule ule. Eleza kwamba wasafiri walikosekana, taja waliotoka kila upande kwa jina kutoka kwenye orodha ya kikosi, basi. Kuupunguzia thamani ubingwa ni maoni, na makala ya ensaiklopidia haiyabebi.

---

Mchapakazi_TZ

Nimeelewa. Swali la mwisho: nikimaliza 1908 naendelea na 1909 na 1910. Mpangilio huu huu unafaa?

---

BwanaNyaraka

Mistari ya mechi ndiyo. Fainali zake zinataka uangalifu.

1909: South Sydney na Balmain, 18 Septemba. Ligi iliipanga fainali iwe mechi ya utangulizi kabla ya Kangaroos kucheza na Wallabies, wale wachezaji wa raga ya 15 waliovutwa kwa malipo. Balmain wakagoma kuingia uwanjani. South Sydney waliingia, wakaanzisha mpira bila mpinzani, refa akawapa ubingwa. Huo ni ushindi wa mezani. Usiandike 3–0 wala 0–0. Safu za alama ziache tupu na kwenye maelezo andika kwamba Balmain hawakucheza. Ukijaza namba yoyote, SUMIFS itaiingiza kwenye jumla. Balmain walidai palikuwa na makubaliano ya timu zote mbili kutocheza, South Sydney wakakana. Weka kauli za pande zote mbili bila kuamua.

1910: Newtown 4, South Sydney 4. Ubingwa ukaenda kwa Newtown kwa sababu walimaliza wa kwanza kwenye msimamo. Andika sare kama sare, na ubingwa uutaje kwenye safu yake.

Mwisho, mechi za fainali na za mtoano zitenge kwenye karatasi nyingine kabisa. Msimamo ni wa raundi za kawaida tu. Ukiziacha pamoja, timu zilizofika fainali zitaonekana zina mechi moja au mbili zaidi, na vipimo vyote vya mama_takwimu vitagoma.

---

mama_takwimu

Na usizipange timu zilizofungana pointi kwa tofauti ya alama kama tunavyofanya leo. Nafasi ya maana ikifungana wakati ule, timu zilirudiana uwanjani. Mwaka 1911 ndivyo Eastern Suburbs walivyopita mpaka wakaifunga Glebe 11 kwa 8. Kwa nafasi zisizogombewa, zipe namba moja zote mbili, kisha zipange kwa alfabeti.